Ada ya kuvunja mkataba wa simu: ni deni au ni adhabu?

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mkazi mmoja wa kata ya Mwembesongo mjini Morogoro, ambaye ni mwalimu mstaafu, mbele ya wakazi wenzake walioomba kuelezwa haki na wajibu wa mtu anayehama kutoka kampuni moja ya simu kwenda nyingine.



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa juu juu laweza kuonekana dogo, yaani ada ambayo kampuni ya simu humtoza mteja anayeamua kuondoka kabla mkataba wake haujafika mwisho. Yafaa niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, na sheria nitakazozitaja nilizisoma kwa sababu ya shida iliyonifika mwenyewe, wala si kwa kupenda vitabu vya sheria. Ikiwa katika ukumbi huu yumo mwanasheria, anisahihishe bila kuona haya.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka enzi za Posta na Simu. Lilipovunjika shirika la Afrika Mashariki mwaka 1977, tulibaki na shirika letu moja la taifa, nalo lilidumu hadi lilipogawanywa mwaka 1994. Katika enzi hizo, aliyetaka simu nyumbani alijaza fomu, akangoja, akaendelea kungoja. Suala la kuhama halikuwapo kwa kuwa pa kuhamia hapakuwapo. Simu za mkononi zilipoanza kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, mwenye nazo alikuwa mtu wa kutazamwa njiani. Kisha Vodacom ikaanza kazi mwaka 2000, Celtel ikafuata mwaka 2001, na mwaka 2015 ikaja Halotel. Majina nayo hayakukaa. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Na ile iliyoanza kwa jina la Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2024 inaitwa Yas. Nalitaja jambo hili kwa sababu mzee mmoja aliniuliza kama kubadilika kwa jina kunafuta mkataba wake. Hakufuti. Kampuni ikibadili jina, madeni yake kwako na madeni yako kwake yanaendelea kama yalivyokuwa.

Kwa nini mtu wa Mwembesongo atake kuhama? Hapa mjini tunaitazama minara iliyoko kileleni Bondwa, na wengi wetu hudhani kwamba alimradi tunaiona, basi mawasiliano yamekwisha kupatikana. Lakini milima ya Uluguru ina mabonde na migongo mingi. Mfanyabiashara wa mboga anayepokea mzigo kutoka Mgeta, au ndizi kutoka Matombo na Kinole, hana haja na mtandao unaosikika vizuri hapa Msamvu peke yake. Anahitaji mtandao unaomfikia mkulima wake aliye nyuma ya mlima. Aghalabu kampuni yenye nguvu mjini siyo yenye nguvu bondeni, na iliyo na nguvu mwaka huu siyo iliyokuwa nayo mwaka juzi. Basi kuhama mtandao si tamaa wala si utovu wa shukrani, bali ni sehemu ya kazi, kama dereva anavyochagua njia isiyo na tope.

Tarehe 1 Machi 1917... samahani, ndugu zangu, ulimi wa mwalimu wa hesabu nao huteleza: tarehe 1 Machi 2017, nchi yetu ilianza utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kabla ya siku hiyo, aliyehama aliiacha namba yake nyuma, na kwa mfanyabiashara kuiacha namba ni kuwaacha wateja. Wenzetu wa Kenya walitangulia, wakaanza mwezi wa Aprili mwaka 2011. Waliohama huko ni wachache kuliko ilivyotazamiwa, na sababu mojawapo inatufundisha sisi pia: namba iliweza kuhama, lakini akaunti ya fedha za simu haikuhama nayo. Mtu alipokumbuka kwamba fedha zake na za jamaa zake zote hupitia M-Pesa, alirudi akaketi.

Kwa hiyo tuelewane. Kinachohama ni namba. Muda wa maongezi uliobaki hauhami, kifurushi hakihami, na fedha zilizomo katika akaunti yako ya simu yakupasa uzitoe kwanza. Utaratibu wenyewe huanzia kwa kampuni unayoiendea, wala si kwa ile unayoiacha, na huo ni utaratibu wa busara: hatumtaki mtu aombe ruhusa ya kuondoka kwa yule yule anayemkimbia.

Sasa tuje kwenye ada yenyewe. Jambo la kwanza ambalo hapana budi lieleweke ni kwamba sehemu kubwa sana ya laini za nchi hii ni za malipo ya kabla. Unanunua vocha au kifurushi, unatumia, kinakwisha. Kati yako na kampuni hakuna ahadi ya miezi 12 wala ya miezi 24. Mtu wa laini ya vocha akiambiwa anadaiwa faini kwa sababu ya kuhama, na aulize kwa upole: kwa mkataba upi, uliotiwa saini lini? Kama kuna deni la muda wa maongezi aliokopeshwa, hilo ni deni la kweli na alilipe, lakini lisibatizwe jina la faini ya kuhama.

Ada tunayoizungumzia huwapata watu wa namna nyingine. Ni wenye laini za malipo ya baada, ambao hupokea ankara kila mwezi. Ni wenye maduka, shule na zahanati waliopewa ruta ya intaneti kwa bei nafuu au bila kulipa kitu, wakaahidi kukaa miaka miwili. Na siku hizi ni vijana waliochukua simu kwa kulipa kidogo kidogo. Mimi nilikuwa katika kundi la pili.

Baada ya kustaafu, mimi na wenzangu watatu tulifungua kibanda cha kuchapa, kutoa nakala na kuwasaidia vijana kujaza maombi ya vyuo na ya kazi. Kijana mmoja wa mauzo alitujia kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Alitupa ruta yenye thamani ya shilingi 240,000 pasipo kulipa kitu siku hiyo, pamoja na laini ya simu ya biashara, yote kwa shilingi 60,000 kila mwezi kwa muda wa miezi 24. Nilimwuliza, ikiwa haitatufaa? Akajibu kwa tabasamu, "Mwalimu, ukiona haifai unairudisha tu." Nikatia saini. Mkataba ulikuwa na kurasa tisa kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata miwani yangu ilizikataa. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Wanafunzi wangu wa zamani waliopo hapa wasicheke. Nilikuwa nikiwachapa kwa kosa hilo hilo la kutosoma swali lote.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baadaye, kila ilipofika jioni, saa ambazo vijana hutoka kazini na kutujia, mtandao ulizorota hata ukurasa mmoja wa maombi ulichukua nusu saa kufunguka. Wateja walisimama, wakaguna, wakaenda kibanda cha jirani. Tulipiga simu kwa kampuni mara nyingi, tukaambiwa tuzime na kuwasha. Mwenzetu mmoja, mama mwenye hekima kuliko sisi wote, ndiye aliyesema, "Mali bila daftari huisha bila habari," akaanza kuandika kila siku tarehe, saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, na jina la aliyepokea simu yetu. Daftari lile la shilingi mia chache ndilo lililotuokoa.

Mwezi wa 14 tulipoarifu kwamba tunaondoka, tulijibiwa kwamba imebaki miezi 10, na miezi 10 kwa shilingi 60,000 ni shilingi 600,000, nazo zilipwe zote kwa pamoja kama gharama ya kuvunja mkataba mapema. Hapo tulikuwa pia na ankara ya mwezi uliopita ambayo hatukuilipa kwa hasira. Nakiri mbele yenu kwamba kutoilipa ankara ile lilikuwa kosa letu, na kampuni ilikuwa na haki ya kutunyooshea kidole.

Nilirudi nyumbani nikakaa na kalamu. Shilingi 600,000 zinalipia nini? Ruta, kama thamani yake ni 240,000 kwa miezi 24, basi kila mwezi tulikuwa tukiilipia shilingi 10,000 ndani ya zile 60,000. Kwa miezi 10 iliyobaki, ruta ilikuwa inadai shilingi 100,000. Hilo ni deni halali, sikuweza kulipinga. Kifaa tulikipewa na tumekitumia. Lakini zile 500,000 nyingine zilikuwa malipo ya huduma ya miezi 10 ambayo kampuni haitaitoa. Haitatupelekea intaneti, haitapokea simu zetu za malalamiko, na nafasi yetu katika mnara itatumiwa na mteja mwingine atakayelipa kama sisi. Kumbe tulikuwa tunatakiwa tununue kitu ambacho muuzaji amekwisha kumwuzia mwingine.

Tuchukue mfano wa nyumba, maana katika kata hii wengi wetu ni wapangaji. Mpangaji ameahidi kukaa mwaka mmoja, akahama baada ya miezi minane. Mwenye nyumba ana haki ya kulalamika; huenda chumba kikakaa kitupu mwezi mzima, huenda akampa dalali fedha za kumtafutia mpangaji mpya. Alipwe hasara hiyo. Lakini ikiwa wiki ile ile amemwingiza mpangaji mwingine, kisha bado anamdai wa kwanza kodi ya miezi minne, basi chumba kimoja kinalipwa na watu wawili. Nani kati yetu angekubali?

Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, ambayo tunayo tangu mwaka 1961 na ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inalizungumzia jambo hili waziwazi. Kifungu cha 73 kinasema aliyevunjiwa mkataba alipwe fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko kwa njia ya kawaida, na maelezo ya kifungu hicho yanataka izingatiwe pia njia iliyokuwapo ya kupunguza hasara hiyo. Kifungu cha 74 kinahusu mikataba ambayo imetaja kabisa kiasi kitakacholipwa ikiwa upande mmoja utavunja. Humo sheria yasema kwamba aliyevunjiwa apewe fidia iliyo ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yatazameni maneno hayo kwa makini. Kiasi kilichoandikwa katika mkataba ni dari, si sakafu. Kampuni haiwezi kupewa zaidi ya kilichoandikwa, lakini yaweza kupewa pungufu, kadiri ya haki. Na ili isionekane kwamba napendelea upande mmoja, niongeze kwamba kifungu hicho hakimlazimishi anayedai kuthibitisha hasara yake shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo mteja asitazamie kwenda mahakamani akasema "onyesheni hasara" kisha arudi nyumbani bila kulipa kitu.

Kampuni nazo zina hoja, na si haki kuzificha. Zitasema: ada ile si adhabu, ni bei ya mlango wa kutokea, mteja alipewa uchaguzi, akae hadi mwisho au alipe atoke. Zitasema pia kwamba bei nafuu ya kila mwezi ilitolewa kwa sababu ya ahadi ya miaka miwili, na kwamba anayetoka mapema amekula punguzo asilolistahili. Hoja hii ya pili ina uzito. Mtu aliyepunguziwa bei kwa ahadi aliyoivunja, na arudishe punguzo kwa miezi aliyolifaidi. Lakini kurudisha punguzo ni hesabu moja, na kulipia miezi yote iliyobaki ni hesabu nyingine kabisa.

Hoja ya kwanza ilikwisha kujaribiwa ng'ambo. Huko Marekani kampuni za simu zilizoea kumtoza anayeondoka kiasi kimoja tu, aghalabu dola 150 au 200, awe ameondoka mwezi wa pili au mwezi wa 23. Wateja wa Sprint walikwenda mahakamani katika wilaya ya Alameda, jimbo la California. Mwaka 2008 mahakama iliamua kwamba ada ile ni adhabu isiyo halali, na mwaka 2011 mahakama ya rufani ikauunga mkono uamuzi huo, ingawa sehemu ya kesi ilirudishwa ili hasara ya kampuni yenyewe ihesabiwe upya. Kilichoiangusha kampuni ni ushahidi kwamba ilipoipanga ada ile haikukaa kupiga hesabu ya hasara. Iliipanga ili wateja waogope kuhama. Ile dai ya kwamba ni bei ya mlango wa kutokea haikukubaliwa. Uamuzi wa California haumfungi hakimu wa Morogoro, hilo naomba lisisahauliwe, lakini swali lililoulizwa huko lafaa kuulizwa popote: kiasi hiki kilipatikana kwa hesabu gani? Jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka 2014 kampuni nyingine ya huko huko, T-Mobile, ilitangaza kuwalipia ada hiyo wateja watakaohamia kwake. Ada iliyotungwa ili kuwazuia watu ikawa chambo cha kuwavutia.

Karibu na kwetu zaidi ni Afrika Kusini. Sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 yamruhusu mtu wa kawaida kuuvunja mkataba wa muda maalumu kwa kutoa taarifa ya siku 20 za kazi. Muuzaji ana haki ya kudai kilichokwisha kutumika na ada ya kuvunja iliyo ya kadiri, basi. Na kwa kawaida mkataba wenyewe hauruhusiwi kupita miezi 24. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2018 nalo limeweka miezi 24 kuwa kikomo cha muda wa kwanza wa mkataba. Nani asiyependa sheria iliyoandikwa kwa uwazi namna hiyo? Nasi tuna mahali pa kuanzia. Tunayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kanuni za kumlinda mtumiaji zilizotungwa chini yake mwaka 2018. Tunayo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi na iliyoipa Tume ya Ushindani kazi ya kuitazama ile mikataba iliyochapwa tayari, ambayo mteja hupewa atie saini bila nafasi ya kubadili hata nukta.

Narudi kwenye kibanda chetu. Tuliandika barua, wala hatukwenda kugombana na binti wa dukani, ambaye hakuipanga ada ile na mshahara wake hautegemei hasira zetu. Katika barua tulitaja namba ya mkataba na tarehe. Tuliomba nakala ya mkataba wote na mchanganuo wa zile shilingi 600,000. Tuliambatisha nakala ya kurasa za daftari. Tukasema bayana kwamba ankara ya mwezi uliopita, shilingi 60,000, tunaikubali na tunailipa siku ile ile, na stakabadhi tukaiambatisha. Kwamba thamani iliyobaki ya ruta, shilingi 100,000, twaikubali pia. Na kwamba kilichobaki tunakipinga kwa sababu mbili, kwanza huduma iliyoahidiwa haikutolewa kama daftari linavyoonyesha, na pili kiasi hicho hakilingani na hasara yoyote. Nakala moja tuligongewa mhuri wa kupokelewa. Msisahau mhuri.

Jibu la kwanza lilikuwa la mistari mitatu: mkataba ni mkataba. Jibu la pili, baada ya sisi kuandika kwamba tunalipeleka lalamiko mbele, lilikuwa la heshima zaidi, likatupunguzia nusu. Hatukukubali. Tulijaza lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na kabla halijasikilizwa kampuni ilituita, ikapokea shilingi 100,000 za ruta, ikafuta zilizobaki, na kutupa barua kwamba hatudaiwi. Sikupata kujua kama walishawishika na sheria au na daftari. Barua ile ndiyo tuliyosubiri kwanza, ndipo tukahamisha namba. Wateja wetu hawakujua kwamba lolote limetokea.

Kwa atakayetaka kuifuata njia hiyo, mpango wake ni huu. Lalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Ukiruka hatua hiyo utarudishwa nyuma. Usiporidhika, au muda wa kanuni ukipita kimya, unakwenda Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kwa sheria yake ya mwaka 2003 ina kitengo cha kushughulikia malalamiko. Sheria hiyo hiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumshauri na kumsemea mtumiaji. Asiyejua kuandika lalamiko na aanzie hapo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Najua safari hiyo ni ndefu kwa mtu mwenye kibanda. Lakini wengi hawafiki mbali, kwa kuwa kampuni nayo hupiga hesabu ya gharama za kubishana nawe.

Katika muda wote wa mabishano, lipa kile usichokipinga. Dawa ya deni kulipa, na mtu anayezuia fedha zote kwa sababu ya kupinga sehemu yake huipa kampuni silaha ya bure. Wala usitupe laini ukidhani kwamba deni limetupwa pamoja nayo. Laini hizi tumezisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Jina lako linajulikana.

Kuhusu lugha ya mikataba nina neno. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Badiliko hilo halikuigusa mikataba ya watu binafsi na kampuni, na ndiyo sababu karatasi kama ile niliyotia saini mimi bado zinaweza kuandikwa kwa Kiingereza. Nionavyo mimi, kampuni inayojua kumwimbia mteja kwa Kiswahili kitamu redioni haishindwi kumwandikia kwa Kiswahili hicho hicho kifungu kinachomtoza shilingi laki sita. Mpaka hapo patakapobadilika, mwombeni mwuzaji awasomee na kuwafasiria kifungu cha kuvunja mkataba, na akisema "unairudisha tu", mwambieni ayaandike maneno hayo pembeni ya karatasi na kutia saini. Maneno ya mdomo hayayashindi maandishi kwa urahisi. Kijana aliyenitabasamia, nilipomtafuta baadaye, alikuwa amekwisha kuhamia kampuni nyingine. Yeye hakutozwa ada.

Nimalizie na simu za kulipia kidogo kidogo, kwa sababu vijana wa bodaboda hapo Msamvu wameniuliza sana. Simu ile hujifunga yenyewe usipolipa. Hapo mna mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa: deni la kifaa na matumizi ya mtandao. Deni la kifaa ni lako hadi shilingi ya mwisho, hata ukihama mara kumi. Lakini kabla ya kuchukua, ulizeni maswali matatu: jumla ya malipo yote ni kiasi gani ukilinganisha na bei ya taslimu dukani, je, simu itakubali laini ya kampuni nyingine kabla deni halijaisha na baada ya kuisha, na ukilipa deni lote mapema, unapunguziwa au unalipa vilevile? Kijana mmoja alijumlisha hapa mbele yangu malipo ya kila siku kwa mwaka mzima, akanyamaza, kisha akaomba ajumlishe tena.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona ndugu watatu wamekuja na mikataba yao mikononi. Mmoja ni wa ruta, miezi 24, na amebakiza miezi saba. Naomba aje mbele na kalamu, na wengine wasogee, tuanze na huo.